Kitenge cha Nakundwa

Avikwaye na mmoja huvuliwa na wengi.

Maneno hayo aliyasema Bi Nambike alasiri moja, mahindi yakiwa yamemwagwa mkekani na vijana wa nyumba wameyazunguka wakipukuchua. Mmoja wao, Senkondo, alikuwa akigombea uongozi wa vijana wa kata. Alikuwa ametoka kuwasimulia wenzake, kwa furaha tele, jinsi umoja wa waendesha bodaboda ulivyotangaza mbele ya watu kwamba unamuunga mkono yeye na si mwingine. Bi Nambike, aliyekuwa shangazi wa baba yake, hakumpongeza wala hakumkemea. Alisema hayo tu, kisha akachukua hindi jingine.

Vijana wakamshika: bibi, hiyo methali imetoka wapi? Mbona shuleni hatukuisoma?

"Haikutoka mbali," akasema. "Ilizaliwa kijiji cha Mlondwe, huku huku milimani kwetu, mwaka watu walipokuwa wakimtafuta mgawa maji. Msiache kupukuchua. Mikono ifanye kazi yake, masikio nipeni mimi."

Na ilianza hivi.

Mlondwe ni kijiji cha mteremko. Juu kabisa kuna chemchemi, na chini ya chemchemi kuna ndiva, yaani bwawa lililochimbwa na wazee wa zamani na kukandikwa udongo, ambamo maji hujikusanya usiku kucha yakafunguliwa asubuhi. Kutoka hapo huteremka kwa mifereji miwili. Mfereji wa juu hupita katika mashamba ya tangawizi; wa chini huenda kwenye mahindi na maharage. Karibu na barabara walikuwako pia vijana wafyatua matofali, nao walichota maji hayo hayo kukandia udongo wao. Mvua ikiwa njema, hakuna anayekumbuka kwamba kijijini kuna mgawa maji. Mvua ikikosa, hakuna anayetazamwa usoni kama yeye.

Mwaka huo mvua za vuli zilikosa, na katikati ya ukame mgawa maji wa siku zote, Mzee Mfinanga, akafariki dunia. Kwa desturi ya Mlondwe mgawa maji alichaguliwa na kijiji kizima. Watu walikutana uwanjani kando ya ndiva, na kila mmoja akaenda kuketi nyuma ya mgombea amtakaye. Ulipoketi, hapo ndipo ilipokuwa kura yako, nao majirani wote wakikuona.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mbazi, fundi baiskeli, mtu mcheshi asiyekosa neno. Kila aliyekutana naye alimwahidi kwamba maji yataanzia shambani kwake. Watu walipenda kuketi kwenye banda lake wakicheka, lakini hakuna aliyewahi kumkabidhi jambo zito.

Wa pili alikuwa mjane aitwaye Nakundwa. Huyu jina lake lilivuma kwa tukio moja. Kiangazi cha mwaka uliotangulia, kaka yake, Mgonja, alizibua mfereji siku isiyokuwa yake. Nakundwa alikuwa akipita na jembe begani. Hakuita mtu. Aliingia majini hadi magotini, akaziba kwa udongo na magome ya mgomba, huku kaka yake amesimama akimtazama.

"Nakundwa, mimi ni kaka yako," Mgonja akamwambia.

"Zamu haina mjomba," akajibu, "wala haina kaka."

Neno hilo lilizunguka kijiji kizima. Watoto walilisema wakigombania bembea. Kwa hiyo Mzee Mfinanga alipozikwa, watu wengi, wa mfereji wa juu na wa chini, walisema kitu kimoja: basi na awe Nakundwa. Naye alipokubali hakuongeza ahadi yoyote. Alipoulizwa atafanya nini, alijibu, "Zamu haina mjomba," na watu wakapiga makofi, kwa sababu walijua maneno hayo yamelipiwa kwa matope.

Lau siku hiyo ndiyo ingekuwa siku ya uchaguzi, hadithi ingeishia hapo.

Jumapili moja, Nakundwa akiwa anaanika maharage uani, aliona wageni wanapanda njia ya kwake. Mbele alikuwa Bwana Mrindoko, kiongozi wa Umoja wa Wakulima wa Tangawizi, mtu mstaarabu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kwenda shamba. Nyuma yake walikuwa mkewe na wazee wengine wa Umoja. Wakakaribishwa, wakakaa, wakaulizana habari za nyumbani na za wagonjwa. Kisha Mrindoko akasema:

"Mama, sisi tumekaa tukazungumza. Tangawizi yetu inanyauka, na Mbazi tunamjua. Tumeona mtu wa kutufaa ni wewe. Hatukuombi kitu. Wala usituahidi kitu. Tunataka tu watu wajue kwamba Umoja mzima uko pamoja nawe."

Mkewe akafungua mfuko, akatoa kitenge kipya cha njano chenye majani ya kijani. Kilikuwa ile sare yao wanayovaa siku ya gulio na kwenye misiba ya wenzao. Akamtandia Nakundwa mabegani, akarudi nyuma kumtazama, akapiga kigelegele.

Nakundwa hakujua la kufanya zaidi ya kushukuru. Mtu akija nyumbani kwako akakuvika nguo nzuri, utaivuaje mbele ya macho yake? Tena hawakuomba kitu. Aliyakumbuka maneno yao yote baadaye, akayapekua moja moja kama mtu anayechambua mchele, hakuona jiwe.

Siku ya gulio wakamtembeza sokoni. Umoja mzima ulikuwa umevaa njano, ngoma mbele, Nakundwa katikati. Mrindoko akapanda juu ya kreti akatangaza, "Wakulima wa tangawizi, mgombea wetu ni huyu!" Vigelegele vikajaa sokoni. Nakundwa naye akatabasamu, maana ni nani asiyependa kushangiliwa?

Asubuhi iliyofuata alikwenda mferejini kuchota maji. Wanawake wa mfereji wa chini walikuwapo wakifua. Wakamsalimia kwa adabu, labda adabu iliyozidi kidogo. Mmoja akamuuliza, "Sasa mama, ukichaguliwa utafanyaje?"

"Zamu haina mjomba," Nakundwa akajibu, akangoja lile cheko la kila siku.

"Kweli," akasema yule mwanamke akikamua nguo. "Haina mjomba. Ina shangazi wa njano."

Wenzake wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Nakundwa akatabasamu nao, lakini hakuelewa. Alijitwika ndoo yake akaondoka akijiuliza ni shangazi gani.

Alikuwa na rafiki aitwaye Nanzia, mlimaji wa maharage, ambaye walikua pamoja tangu wasichana. Nanzia hakuwahi kupita nyumbani kwa Nakundwa asubuhi bila kuingia kunywa uji. Asubuhi hiyo alipita akiwa amebeba jembe lake, akasimama njiani, akaita, "Umeamkaje, Mheshimiwa?" Kisha akaendelea na safari.

Mheshimiwa! Nakundwa alisimama mlangoni na kikombe mkononi hadi uji ukaganda juu. Alifikiri labda kuna msiba hakuhudhuria. Akahesabu misiba yote ya karibuni, yote alikuwapo. Alifikiri labda mbuzi wake wameingia kwenye maharage ya mtu. Akaenda kukagua kamba. Mbuzi walikuwa wamefungwa. Jioni akakata mkungu wa ndizi akampelekea Nanzia. Nanzia akaupokea, akashukuru, akauweka chini, wala hakumwambia "kaa".

Ajabu ni kwamba siku hizo hizo alipata wageni asiowajua. Walikuwa watu wa Kigonde, kitongoji cha Mlondwe kilicho ng'ambo ya mlima, ambao hutumia maji ya chemchemi hiyo hiyo lakini si rahisi kuwaona gulioni. Waliingia uani wakihema kwa sababu ya mlima.

"Tunamtafuta Nakundwa."

"Ndiye mimi."

"Ah! Sisi hatukuwa tukikujua, mama. Lakini tumesikia Umoja wamekukubali, nao ndio wanaotusaidia kuuza tangawizi yetu. Tukasema, kama wao wamemwamini, basi na sisi tuko naye."

Nakundwa akawakaribisha, akawapa uji ambao Nanzia hakuja tena kuunywa. Walipoondoka, Mgonja, kaka yake, aliyekuwa ameshasahau hasira ya mfereji na sasa ndiye mpiga debe wake mkubwa, akapiga mapaja kwa furaha.

"Umeona? Akiondoka mmoja wanakuja watatu."

"Lakini aliyeondoka ni Nanzia," Nakundwa akasema. "Hawa hawanijui, Mgonja. Nanzia ananijua hadi kovu la gotini. Inakuwaje wasionijua wanakuja kwa sababu ya kitenge, na wanaonijua wanaondoka kwa sababu ya kitenge hicho hicho?"

Mgonja hakuwa mtu wa kukaa bila ushauri. "Ubaya wa nguo moja," akasema baada ya kufikiri, "ni kwamba ni moja. Watu wanaona uko upande mmoja tu. Ukivaa na ya upande mwingine, itakuwa sawa."

Akaenda kwa akina mama wa maharage kuwaomba nao wamtangaze dada yake. Wakamjibu kwamba wao hawana sare. Akaenda kwa wafyatua matofali. Hao walifurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kuwaomba kitu isipokuwa kuhama. Wakaja kwa Nakundwa wakiimba, udongo umewakauka miguuni, wakamvika kofia yao nyekundu ya kitambaa wanayovaa kujikinga na jua, wakapita naye barabarani wakipiga kelele jina lake. Nakundwa alikubali. Alikuwa amechoka kufikiri, na maneno ya Mgonja yalikuwa na umbo la akili.

Kumbe wafyatua matofali na wakulima wa tangawizi walikuwa hawaelewani kabisa, kwa kuwa vijana wale walichimba udongo ukingoni mwa mfereji na kuyachafua maji. Haikupita siku nyingi Bwana Mrindoko akaja, safari hii peke yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyeumia.

"Mama, watu wangu wananiuliza: huyu ni wetu au ni wa wachimba udongo?"

"Mimi ni wa maji," Nakundwa akasema.

"Mimi najua. Lakini wao nitawaambia nini? Tulisimama sokoni na heshima yetu. Halafu unajua kwamba Mbazi ndiye aliyetangulia kuja kwetu? Alituomba tumtangaze yeye. Tukamkatalia, tukaja kwako."

Nakundwa alishtuka. Siku hizo Mbazi alikuwa akisimama mbele ya banda lake, amevaa shati lililoloa mafuta ya mnyororo, akiwaambia watu: "Nitazameni! Hili shati nimelinunua mwenyewe, na uchafu wake ni wa baiskeli zenu. Hakuna aliyenivika mimi." Watu walicheka kama zamani, lakini sasa wakishacheka walibaki wamekaa, wakitafakari.

"Basi niwaambie watu kwamba alikuja kwenu," Nakundwa akasema.

"Waambie."

Lakini Mrindoko alipokwisha kuondoka, Nakundwa alijaribu kulisema jambo hilo kimoyomoyo, jinsi angelisema mferejini, akasikia tayari jinsi litakavyojibiwa: nani amekuambia? Mrindoko. Basi! Hata ukweli, siku hizo, ungetoka kinywani mwake umevaa njano. Akanyamaza. Na aliponyamaza, akajiona mwoga, naye hakuwa mwoga. Hakujua tena yeye ni nani. Aliingia ndani akajitazama kwenye kioo kidogo cha marehemu mumewe, akaona uso ule ule.

Ndipo alipoamua kwenda kwa Nanzia. Aliacha kitenge kwenye kamba, akavaa kanga yake ya kulimia, akaingia jikoni kwa rafiki yake bila kubisha, kama zamani. Nanzia alikuwa anapepeta maharage. Nakundwa akaketi kwenye kigoda upande wa pili wa moto.

"Nanzia, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi kwa nini unaniita Mheshimiwa?"

Nanzia akaendelea kupepeta. Makapi yakaruka, maharage yakabaki.

"Nijibu, mwenzangu. Maneno yangu yamebadilika? Nilisema zamu haina mjomba kabla ya kitenge, na baada ya kitenge nimesema zamu haina mjomba. Sijaongeza neno."

"Maneno yako hayajabadilika," Nanzia akasema. "Masikio yetu ndiyo yamebadilika. Zamani ukisema hivyo, nilikuwa nakuona wewe, umesimama kwenye matope, Mgonja amenuna. Sasa ukisema, namwona Mrindoko nyuma yako anaitikia kwa kichwa. Na mimi Mrindoko akiitikia kwa kichwa, nauangalia mfereji wangu."

"Lakini hawakuniomba kitu! Naapa kwa kaburi la mume wangu. Walisema hawaombi kitu."

"Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Angekuomba, ningejua ameomba nini. Asiyeomba leo, ataomba siku gani?"

"Kwa hiyo unadhani nimenunuliwa?"

Nanzia akaweka ungo chini. Macho yake yalikuwa na machozi, au ni moshi.

"Ningekuwa nadhani hivyo ningelala vizuri," akasema. "Ningesema Nakundwa kabadilika, yamekwisha. Nakujua hukununuliwa. Pengine hata Mrindoko alikuchagua kwa kuwa wewe ni mwema, basi, kama sisi tulivyokuchagua. Lakini mimi nina watoto wanaokula hayo maharage. Nikijiuliza kwa nini wenye tangawizi wamefurahi hivyo, nakosa jibu. Na nikikosa jibu naogopa."

"Nikivua, wale watasema nimewatukana. Nisipovua, nyinyi mnaniogopa. Niambie basi nifanyeje."

"Sijui, dada," Nanzia akasema. "Kweli kabisa, sijui."

Mwishowe Nanzia akamimina uji, wakanywa. Lakini Nakundwa alipoinuka kwenda, hakusema atamwona uwanjani, na Nanzia hakumwahidi.

Siku ya uchaguzi ilifika. Ndiva ilikuwa na maji ya kufunika nyayo tu. Nakundwa alikuja amevaa gauni lake la kila siku, kitenge cha njano mabegani na kofia nyekundu kichwani, kwa sababu Mgonja alisema kuviacha siku kama ile kungekuwa matusi. Watu wa Umoja walipoiona ile kofia wakanong'onezana. Vijana wa matofali walipokiona kitenge wakatazamana. Mbazi alikuja na shati lake la mafuta.

Mwenyekiti wa kijiji akawapa nafasi ya kusema. Mbazi akawachekesha watu, akaketi. Nakundwa akasimama. Aliwatazama wa juu, akawatazama wa chini, akawaona watu wa Kigonde wamekaa pamoja kama wageni wa arusi.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Zamu haina mjomba."

"Ina shangazi!" akajibu mtu kutoka upande wa mfereji wa chini, na kicheko kikaenea uwanjani.

Nakundwa hakupanga alichokifanya. Mkono wake ulikwenda wenyewe kichwani, ukavua kofia, ukaiweka juu ya jiwe. Kisha akakivua kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kofia. Akabaki na gauni lake.

"Haya," akasema. "Sasa mnaniona?"

Halafu wafyatua matofali wakainuka. Walimwamini mtu mmoja maishani mwao, na mtu huyo ameivua kofia yao mbele ya kijiji! Wakaenda wakaketi nyuma ya Mbazi. Watu wa Umoja nao wakainuka, mke wa Mrindoko akilia kwa aibu. Hawakwenda kwa Mbazi. Walikwenda kusimama kando, wasiwe upande wowote. Nakundwa akageuka kuwatazama watu wa mfereji wa chini, akitumaini kwamba kwa ajili yao, sasa, mambo yamekuwa wazi. Lakini mzee mmoja akasema kwa sauti ya upole, "Anayevua leo, kesho atavaa." Wakaenda kwa Mbazi, mmoja mmoja, bila furaha.

Nyuma ya Nakundwa wakabaki Mgonja na ndugu wachache, pamoja na wale watu wa Kigonde, ambao walikuwa wakitazamana. Kitenge kilichowaleta kilikuwa juu ya jiwe. Mmoja wao akamwinamia Mgonja akamuuliza, "Samahani, huyu mama hasa ni nani?"

Mbazi akachaguliwa. Yeye mwenyewe alionekana kushangaa.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Nakundwa alimwona Nanzia. Alikuwa amesimama pale mfereji unapoanzia. Hakwenda kuketi kwa Mbazi, wala hakuja kuketi kwake. Nakundwa akamwendea.

"Umeona?" akamuuliza.

"Nimeona," Nanzia akasema. "Umevikwa na mmoja, umevuliwa na wengi."

Wanawake waliokuwa wakipita wakasikia. Hakuna aliyecheka. Kufikia gulio lililofuata, maneno yale yalikuwa midomoni mwa watu.

Mbazi aligawa maji msimu mmoja. Hakuwa mwizi. Alikuwa tu mtu asiyeweza kusema hapana, na maji yakaenda kwa aliyepaza sauti mwisho. Mifereji haikusafishwa. Tangawizi ikanyauka na maharage yakakauka na maua yake, na asubuhi moja ukingo wa mfereji wa chini ukabomoka, maji ya siku nzima yakaishia korongoni. Wazee wakaitisha uwanja upya, na Mbazi hakugombea tena. Alirudi kwenye baiskeli zake akiwa amekonda, akasema hajawahi kuchukiwa na watu wengi kiasi kile kwa kuwapenda wote.

Jina la Nakundwa likatajwa tena. Na siku chache kabla ya uchaguzi, Bwana Mrindoko akapanda tena njia ya kwake, kitenge kipya mkononi.

"Mama," akasema, "yaliyopita yamepita. Umoja bado unakutaka."

Nakundwa akamkaribisha, akamletea maji ya kunywa, akakitazama kitenge bila kukishika.

"Bwana Mrindoko, wewe unanipenda?"

"Nakuheshimu sana."

"Basi ninyamazie."

Mrindoko akadhani hakusikia vizuri. "Nikunyamazie?"

"Ukitaka kuja kuketi nyuma yangu siku hiyo, njoo. Wenzako wakitaka, waje. Lakini msije pamoja, msije na ngoma, wala usipande juu ya kreti."

"Na watu wa Kigonde? Wao hawakujui. Nisipowaambia, watajuaje?"

Nakundwa akafikiri. Hilo lilikuwa kweli, na lilimsumbua. "Hao nitawafuata mwenyewe," akasema.

Akaenda. Alipanda mlima kwa miguu, akaingia nyumba za Kigonde moja baada ya nyingine, akajitambulisha, akanywa uji wao. Wengine walimwelewa, wengine walimwona mama wa kawaida tu, wasijue wamfuate kwa lipi.

Siku ya uchaguzi alisimama na gauni lake. Wa mfereji wa chini wengi walikuja nyuma yake, Nanzia akiwa wa kwanza kuketi. Lakini wapo waliosema, "Mbona safari hii wa tangawizi wamenyamaza? Kimya hiki kina jambo," wakabaki nyumbani. Baadhi ya watu wa Umoja walikuja mmoja mmoja. Wengine, waliokataliwa kitenge, hawakumsamehe kamwe. Wafyatua matofali walikuja baadhi, wengine hawakuja. Waliokuja walitosha, akachaguliwa. Nakundwa hakupata kujua kila mmoja aliketi pale kwa sababu gani, na hakuuliza. Aliinuka, akaenda akafungua ndiva, akasimama kwenye maji akiangalia yanakoelekea.

Aligawa maji Mlondwe hadi uzee ulipomkataza kuinama, na Mrindoko hakuwahi kumwomba kitu. Pengine hakuwa na nia hiyo tangu mwanzo. Nalo hilo Mlondwe hawakupata kulijua.

Bi Nambike akazikung'uta punje zilizoganda kwenye viganja vyake.

"Methali haisemi usivikwe," akawaambia. "Kuna watu ambao bila ile nguo wasingekujua kabisa. Inasema hivi tu: rafiki akikuvika mbele za watu, usimtazame yeye peke yake anayepiga kigelegele. Watazame na waliokaa kimya, ujiulize wao wameona nini. Maana ukiwa umevaa, huioni nguo yako kama wanavyoiona wenzako. Avikwaye na mmoja huvuliwa na wengi."